Mabuto Mawili kwenye Besi ya Libuyu

Nakumbuka Jumapili ile baba yangu alipoinuka katikati ya wimbo, akachukua kofia yake kwenye benchi, akatoka kanisani bila kumtazama mtu. Kwaya haikukatiza. Mchungaji alifumba macho kama anayeomba. Mimi nilikuwa pale mbele na gitaa la besi begani, vidole vinaendelea kupiga vyenyewe, na nilijua kabisa kwamba alichokikimbia ni mimi.

Mwanangu, umenitumia sauti kwenye simu kutoka Beni, unaniuliza kuhusu besi yako yenye mikro mbili, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Je, uweke mabuto mawili ya sauti, yale ya kuzungusha kwa kidole, kila mikro na la kwake? Au uweke moja tu, ukilizungusha huku unapata mikro hii, ukilizungusha kule unapata ile? Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, kwa sababu mjukuu ni mtoto aliyerudi mara ya pili. Vijana wa hapo Beni wangekujibu upesi kuliko mimi. Lakini umeniuliza mimi, na kuuliza si ujinga, ila kumuuliza mzee ni kukubali kukaa chini. Basi kaa.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao. Alifanya kazi kwenye misitu ya upande wa Mabalako, baadaye upande wa Kasugho, mashine ya kukatia miti ikinguruma karibu na kichwa chake tangu asubuhi hadi jua linapoinama. Siku zile hakuna aliyefikiri kuziba masikio. Mashine ile ilitulisha, ikatusomesha, ikajenga nyumba yetu ya matofali hapa Butembo. Na polepole ikamnyang'anya kusikia. Kwanza zilipotea sauti za ndege, kisha za watoto, kisha za wanawake. Alipoacha kazi alikuwa anasikia vitu vizito tu: lori likipanda mlima, radi, ngoma. Ukitaka kumwambia jambo ilikubidi umsogelee sikioni na kusema kwa sauti nzito, polepole. Mama hakuweza, maskini, sauti yake ilikuwa nyembamba mno. Walizungumza kwa mikono na kwa kucheka.

Na huyu ndiye mtu aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani! Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unanyoosha mgongo. Baada ya masikio kwenda, alinyamaza. Alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la mbele, akawa anatazama midomo ya wanakwaya kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani.

Sasa nikuambie kuhusu besi. Mwili wake ulichongwa na seremala jirani yetu kutoka ubao wa libuyu, ule mti mwekundu na mzito. Ulikuwa ubao wa mti wa mwisho baba alioukata kabla ya kuweka mashine chini. Aliuhifadhi darini miaka mingi, hata mama akachoka kuuliza wa nini. Siku niliyomwambia nataka kupiga besi kwenye kwaya ya vijana, mimi binti, mzaliwa wa kwanza, jina langu Masika, watu walicheka. Baba hakucheka. Alipanda darini, akaushusha ule ubao.

Kanisa likatupatia mikro mbili za besi iliyovunjika. Moja ilikaa karibu na shingo, nyingine nyuma karibu na pale nyuzi zinapofungwa. Ile ya mbele ilikuwa na sauti nene, tukaiita Paluku, kama tunavyomwita mvulana wa kwanza kwetu. Ya nyuma ilikuwa na sauti kavu na kali, tukaiita Kambale, mdogo wake. Hakukuwa na betri ndani, na hapa naomba unisamehe nisimame kidogo. Mpaka leo nashangaa. Unagusa uzi wa chuma, uzi unatetemeka juu ya sumaku, na kutoka kwenye kutetemeka huko tu umeme unazaliwa, mdogo kiasi kwamba hauwezi kumshtua hata mbu. Umeme huo unapita kwenye waya na kuwa wimbo. Amplifaya inadai jenereta, jenereta inadai mafuta, lakini besi yenyewe haidai kitu. Nilipokuwa kijana nilifikiri mambo haya ni ya kawaida. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na nilichokiona ni kwamba hakuna kitu cha kawaida.

Nilipiga vizuri, mwanangu, na watu walinisifu. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walipita wanamuziki kutoka Beni, besi yao ina buto moja tu la kuchagua mikro, wanalizungusha upesi, sauti inageuka kutoka nene kwenda kali, vijana wanapiga mayowe. Nikataka na mimi. Kijana mmoja anayetengeneza radio karibu na soko, aitwaye Kakule, alitoa buto kwenye radio ya zamani, lile la kupeleka sauti spika ya kushoto au ya kulia. Lilikuwa laini kuzungusha, raha tupu. Tukang'oa mabuto mawili yaliyokuja na mikro zile, tukaweka hilo moja. (Ndiyo, Kakule yule yule. Babu yako. Usicheke, wakati huo alikuwa na nywele.)

Sauti ikatoka imefunikwa, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Sikujali. Nikaongeza amplifaya hadi mabati ya kanisa yakawa yanalia. Hiyo ndiyo Jumapili baba alipochukua kofia yake.

Nilimkuta nyumbani, amekaa uani anapukuchua maharagwe. Nilipiga magoti karibu na sikio lake nikamuuliza kwa nini ameniaibisha. Akaweka ungo chini.

"Masika, hapana kasirika. Mi sikukimbia Mungu. Nilikimbia makelele yako. Kule pori machine ilikuwa inalia sawa vile, uuu, uuu, siku muzima. Nikaacha pori. Leo naikuta mu kanisa, na ni mutoto wangu njo anaipiga."

"Papa, ile ilikuwa wimbo!"

"Wimbo iko wapi? Mi nasikia ngurumo tu."

Halafu akasema jambo lililonikata maini. Mdogo wangu Kavira alikuwa karibu kuolewa. Katika ukoo wetu binti hatoki kimya nyumbani kwa baba yake. Baba anasimama mlangoni, anaanzisha wimbo, nyumba yote inaitikia, na binti anavuka kizingiti wimbo ukiwa bado hewani. Baba aliwaimbia hivyo dada zake wote, kwa sababu baba yao alikufa mapema. Kavira alikuwa akiusubiri wimbo huo tangu akiwa na meno ya utoto.

"Mariage ya Kavira, baba yenu mudogo njo ataimba," baba akasema. "Mi nitasimama tu ku mulango. Mutu hasikie, mais anaanzisha wimbo? Ataletea batoto haya."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Kavira alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji, alisikia yote. Aliiweka ndoo chini taratibu, akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda kwa Kakule, nikaiweka besi juu ya meza yake kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyeongeza amplifaya. Aliifungua, akakaa nayo, akawa anapiga uzi mmoja na kusikiliza.

"Ni mi njo nilikosa," akasema. "Hii buto ni ya radio. Radio iko na courant mingi. Micro ya gitare iko na kidogo tu. Donc hii buto inakunywa sauti yote mbele ifike ku ampli."

Tulimwomba mama mmoja anayevuka mpaka upande wa Kamango kwenda kununua vitu Uganda. Alituletea mabuto ya gitaa hasa, nyuma yameandikwa 250K, kipimo chake. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba buto si buto tu. Yalikuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza, ukiligusa kidogo kutoka juu, sauti inaporomoka. Ya pili inashuka taratibu pale juu, unaweza kupunguza unywele mmoja na kuusikia. Kakule alipenda ya kwanza, mimi nikachagua ya pili. Tulibishana mpaka wateja wake wakaanza kututania kwamba hawa wawili wataishia kanisani. Watu wa soko wana midomo.

Akalehemu mabuto mawili, la Paluku na la Kambale. Tukajaribu. Nilipozima Paluku kabisa, Kambale naye akafa. Nilipozima Kambale, Paluku akafa. Kimya kabisa, na mikro zote mbili ni nzima.

"Umeona?" Kakule akasema, macho yamemtoka. "Moya akinyamaza, wote banakufa."

Alikuna kichwa, akageuza waya mbili kwenye kila buto, ule wa kuingia ukakaa pa kutokea. Tukajaribu tena. Sasa kila mmoja alinyamaza peke yake na kumwacha ndugu yake aseme. Waya zilikuwa ni zile zile, mabuto ni yale yale. Tulitazamana kama watoto walioona chura akiongea.

Lakini besi nzuri mezani kwa Kakule haikunisaidia kitu kama baba hasikii. Na kwenda kanisani alikuwa amekataa. Basi alasiri moja tulipakia bafle, lile sanduku la spika, kwenye pikipiki, tukaomba jenereta ya jirani, tukaiweka mbali nyuma ya zizi la mbuzi ili isitusumbue. Baba alikuwa uani, ametupa mgongo, kazi yake ni maharagwe tena. Sikumwambia kitu. Nilianza kupiga wimbo wa zamani wa Kinande ambao yeye mwenyewe alikuwa akitubembeleza nao tulipokuwa wadogo.

Nilianza na Paluku peke yake. Baba akadhani ni lori, akasema bila kugeuka, "Camion inapanda." Nikamzima Paluku, nikampa Kambale nafasi. Baba aliendelea kupukuchua kama niko Kasugho. Nikawafungua wote wawili hadi mwisho. Hapo aliinua kichwa. Kisha akakishusha.

"Inakuja, halafu inakimbia," akasema.

Alisema kweli, na mimi mwenye masikio mazima nilikuwa sijaisikia. Mikro mbili zikiwa wazi kabisa, baadhi ya sauti za katikati zinapotea, moja inaila nyingine. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakule alinionyesha kwa mkono nipunguze moja. Nikampunguza Kambale, kidogo sana, kiasi cha upana wa uzi.

Mwanangu, nakosa maneno. Sauti ya tatu ikatoka. Haikuwa ya Paluku, haikuwa ya Kambale. Ilikuwa na mwili na ilikuwa na mifupa. Kila noti ikasimama peke yake, unaiona inaanza, unaiona inakwisha. Nilipiga ubeti mmoja mzima, na katikati ya ubeti ule mikono ya baba ikasimama juu ya ungo. Mguu wake ukaanza kugonga chini. Halafu, akiwa bado ametupa mgongo, akaingia kwenye ubeti wa pili. Aliingia mahali penyewe, kwa maneno yenyewe, kwa sauti ile ya zamani inayonyoosha migongo ya watu.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akashika mdomo. Hakuna aliyethubutu kusogea, hata Kakule, mtu asiyejua kukaa kimya. Niliogopa, nakwambia ukweli, niliogopa kama mtu aliyefungua mlango asioujua. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa nimelizika la baba yangu kabla halijafa.

Wimbo ulipokwisha alijigeuza. "Sasa nasikia," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa nini?"

Nilichukua msumari, nikachora alama kwenye ubao, pale buto la Kambale lilipokuwa. Nikajiambia siku ya harusi nitaliweka hapo, basi, kazi imekwisha. Unaona jinsi kijana alivyo! Neema imemshukia uani, na yeye anaipigia msumari ili isiondoke.

Siku ya harusi ua ulijaa. Turubai limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, wageni wamesongamana hadi kwenye migomba. Baba alisimama mlangoni na koti lake jeusi, Kavira amemshika mkono. Baba mdogo alikaa karibu, tayari, kwa sababu si wote walioamini habari ya uani. Nikaweka buto kwenye alama ya msumari. Nikaanza.

Baba alisikiliza. Uso wake ulikuwa umejifunga. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikazunguka wimbo tena toka mwanzo, alama iko pale pale, kila kitu kiko pale pale, na baba hasikii. Kavira alinitazama. Sitasahau macho yale, macho hayana pazia. Baba mdogo akakohoa na kuanza kuinuka.

Nilikuwa nimesahau kwamba ua wa alasiri ile ulikuwa mtupu. Watu wengi hivi, na nguo zao, na turubai lao, walikuwa wameimeza sauti kali na kuacha ngurumo. Alama ilikuwa ya kweli, lakini kwa siku nyingine. Nikaacha kutazama buto. Nikakaza macho kwenye uso wa baba, nikatafuta mabuto kwa kidole kidogo huku vingine vinapiga. Nikamshusha Paluku, yule mkubwa, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyezidi. Hakuna kitu. Nikampandisha Kambale kidogo. Makunyanzi kwenye paji la baba yakalegea. Nikaongeza unywele mwingine, na nikaona macho yake yanafunguka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Akaimba.

Baba mdogo akakaa. Kwa mstari mzima hakuna aliyeitikia, nafikiri walisahau kwamba ni zamu yao. Kisha nyumba yote ikaitikia kwa pamoja, na Kavira akavuka kizingiti analia na kucheka, wimbo uko juu yake. Nililia hadi nyuzi zikalowa. Ningeweza kukuambia kwamba ni jambo la waya na sumaku, na ni kweli, ni waya na sumaku. Lakini niliona mtu anarudishwa kutoka mahali ambapo hatukuweza kumfikia, na mpaka leo siwezi kulieleza nikalimaliza.

Wageni walipoanza kula, baba alikuja nilipokuwa nimekaa. Hakunisifu, hakuwa na desturi hiyo. Aliweka kiganja chake kwenye mwili wa besi, akasikiliza kwa kiganja.

"Masika," akasema, "huu muti njo ulikula masikio yangu. Leo umerudisha kidogo."

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Weka mabuto mawili. Buto moja si dhambi, wapo wanaolipiga vizuri, ila mimi nakupa nilichokiona. Tafuta mabuto ya gitaa, usiyatoe kwenye radio, kwa sababu anayebeba sauti ndogo usimpe mzigo wa mwenye nguvu. Chagua yanayoshuka taratibu pale juu, maana kazi yote iko pale juu, kwenye unywele ule mmoja. Funga waya ili mmoja akinyamaza mwenzake abaki anasema. Na nyumba yako uifunge hivyo hivyo utakapokuwa nayo. Usifungue wote hadi mwisho ukadhani ndiyo haki. Kuna siku mdogo atapunguza, kuna siku mkubwa atapunguza, na huwezi kujua ni siku gani mpaka umtazame anayesikiliza. Mabuto yaweke mahali kidole kinapoyafikia bila macho. Macho yana kazi nyingine.

Babu yako amekwishaifunga besi ya libuyu kwenye gunia safi, itapanda gari la kesho kwenda Beni. Kavira amepika mandazi ya dereva wa gari hilo ili aiweke karibu naye. Pembeni ya buto la nyuma utaona alama ya msumari. Iache hapo, uiheshimu, lakini usiifuate.

Nyamuhanga, Mungu wetu, akupe mikono myepesi, mwanangu, na akuwekee mbele yako mtu mmoja ambaye kwa ajili yake utapunguza. Na siku masikio yangu nami yatakapoziba, uje unipigie uani. Nitakuwa nimekupa mgongo. Usikate tamaa upesi.